Habari Aliyoipeleka Watiri Chogoria

Kwa miaka mingi Watiri hakuwa akiisikia milio ya bunduki. Si kwamba haikuwapo. Chuo cha polisi kiko pale pale Kiganjo, na makuruti wakipelekwa kwenye uwanja wa shabaha, milio huanza umande haujakauka. Lakini yeye aliolewa hapo akiwa msichana, akazaa hapo, akamzika mume hapo, na milio ile akaizoea kama alivyoizoea baridi ya mlima. Wageni waliosimama kibandani kwake kula chapati ndio walioshtuka wakamwaga chai. Yeye angepangusa meza na kusema, "Ni watoto wa serikali wanajifunza kazi," kisha akageuza chapati upande wa pili.

Katika kibanda hicho ndimo alimomlea binti yake wa pekee, Wachuka. Msichana alisoma hadi kidato cha nne, akaenda kusuka nywele mtaani Skuta, Nyeri mjini, akachoka kusuka wanaosafiri huku yeye amesimama palepale. Akapata wakala wa kumpeleka Lebanon kufanya kazi za nyumbani. Watiri hakupenda. Lakini kumwambia mtoto mkubwa "kaa" na huna kitu cha kumpa akikaa, ni sawa na kumfunga kamba. Akanyamaza, akamwombea, akamsindikiza.

Wachuka aliajiriwa na familia moja katika mji wa kusini mwa nchi ile, orofa ya tatu. Orofa ya pili, chini yake kabisa, alikuwako msichana mwingine wa Kenya, Gacheri, mzaliwa wa Chogoria, upande wa pili wa Mlima Kenya. Gacheri alimtunza mzee aliyepooza upande mmoja. Wote wawili hawakuruhusiwa kutoka ovyo, kwa hiyo urafiki wao ulikuwa wa roshani kwa roshani, mmoja akianika nguo juu, mwenzake akianika chini. Wachuka akimpigia mama yake simu ya video, aliiinamisha simu nje ya kizuizi cha roshani, na Watiri huku Kiganjo aliuona uso wa duara ukimtazama kutoka chini ukicheka.

"Mama Wachuka, leo chapati ni ngapi?"

"Njoo ule, mama. Zinakungoja."

Hivyo tu. Lakini Watiri alimzoea kama mtoto wa jirani.

Redio ilipoanza kutaja vita vya upande ule, Wachuka alisema ni mbali, ni huko mpakani. Halafu akasema ni karibu kidogo. Halafu akaacha kusema.

Jumatatu moja ya Septemba, mwaka wa 2024, simu ililia Watiri akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Hakuona uso. Aliona dari nyeupe tu, na sauti ya Wachuka ikaja chini sana, kama mtu anayenong'ona kanisani.

"Maitu, mama yangu, wameenda."

"Nani wameenda?"

"Madam na bwana yake na watoto. Wamejaza gari wakaenda. Wamesema watatuma mtu anichukue. Wamefunga mlango na nje."

"Wamefunga aje na wewe uko ndani?"

"Kama siku zote wakitoka. Funguo wameenda nayo. Na pasipoti yangu."

Nyuma ya sauti ya mtoto wake Watiri akasikia kitu kikivuma, kama meza nzito inayoburutwa juu ya sakafu ya saruji, ila meza hiyo ilikuwa kubwa kuliko nyumba.

"Hiyo ni nini?"

"Ni mtaa wa pili. Tangu asubuhi."

Mteja mmoja alimwomba amwongezee supu ya ndengu. Watiri alimtazama kana kwamba amesema Kichina. Akaingia nyuma ya kibanda, akachutama kando ya gunia la makaa, mikono yenye unga imeishikilia simu kama mtu anayeshika kifaranga.

"Ita watu na dirisha," alisema. "Piga kelele, wasikie kuna mtu."

"Watu wanakimbia, maitu. Hakuna mtu anaangalia juu."

Hapo kishindo kikalipuka sikioni mwa Watiri, karibu sana, chuma juu ya chuma. Akaangukia magoti. Kikaja kingine, na kingine. Aliliita jina la binti yake na hakujibiwa. Kisha, katikati ya vishindo, sauti nyingine ikasikika kutoka mbali, ya msichana anayehema, aliyemsikia akiita.

"Mama Wachuka, usiogope. Ni mimi, Gacheri. Nagonga mlango na chuma."

Waajiri wa Gacheri nao walikuwa wamekimbia. Mzee hakuweza kukaa garini, na gari lilikuwa limejaa, kwa hiyo walimwacha na Gacheri, na kwa sababu ya kumhudumia mzee wakamwachia funguo. Angeweza kushuka ngazi na kwenda zake. Badala yake alipanda orofa moja juu na kipande cha chuma alichokiokota uani, akaishambulia kufuli ya mwenzake.

Mlango ulipokubali, Watiri alisikia wasichana wawili wakilia na kuongea kwa pamoja.

"Kuna pikapu ya Waethiopia hapo chini, inaondoka saa hii," Gacheri alisema. "Kimbia."

"Na wewe?"

"Mzee hajakunywa maji tangu asubuhi. Kijana yake amesema anakuja na ambulensi. Nitakuja na wao."

"Gacheri, twende."

"Nenda, Wachuka. Hiyo gari haitangoja."

Watiri alisema kitu hapo. Mpaka leo hakumbuki vizuri ni nini, anafikiri alisema, "Mungu akubariki, mama." Alisikia viatu vikishuka ngazi, honi, watu wakiongea lugha asiyoijua, na simu ikakatika.

Alifunika unga kwa sufuria na kuwaambia wateja waende. Wengine walikuwa hawajalipa, wakaondoka hivyohivyo kwa kuwa uso wake haukuwa wa kuulizwa. Phyllis, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani, aliletewa habari, akaja amevaa gambuti za shamba. Wakakaa kwenye benchi, simu katikati yao. Siku hiyo makuruti walikuwa na zoezi la alasiri. Mlio wa kwanza ulipotoka uwanjani, Watiri aliushika mkono wa Phyllis kwa nguvu. Ilikuwa kana kwamba miaka yote ile alikuwa kiziwi na sasa mtu amemzibua masikio kwa sindano.

"Ni makuruti," Phyllis alisema.

"Najua ni makuruti."

Lakini kujua hakukusaidia. Kila mlio alimwona Wachuka nyuma ya pikapu, kitambaa kichwani, barabarani, juani, bila kitu cha kujifichia.

Jua likizama, ujumbe ukaingia: *Niko hai. Niko kwa shule flani. Chaji inaisha.* Wanawake wa jumuiya waliimba. Watiri hakuweza kuimba. Aliusoma ujumbe tena na tena.

Kesho yake picha ilisambaa katika kundi la simu la wanawake Wakenya walioko kule. Jengo lao lilikuwa limelala. Wachuka alilitambua kwa pazia la kijani alilokuwa akilifua kwa mikono yake mwenyewe, ambalo sasa lilining'inia usawa wa barabara, mahali ambapo orofa ya tatu imekuja kukaa juu ya ya pili. Hakuna aliyemwona Gacheri akitoka. Gari la wagonjwa halikufika.

Siku iliyofuata mwanamke alimpigia Watiri. Lafudhi ya Kimeru, sauti ya upole.

"Mama Wachuka? Mimi ni Nkatha, mama yake Gacheri. Gacheri alinipatia namba yako, akasema nikimkosa nikuulize. Wako amepiga?"

"Amepiga kidogo," Watiri alisema. "Mtandao huko ni mbaya."

"Eh, mtandao. Nami nilisema ni mtandao. Asante sana, mama."

Alipokata simu, Watiri alikwenda nyuma ya kibanda, akaketi juu ya gunia la makaa.

Wachuka alipompigia, alimwambia kwamba hawezi. "Maitu, mimi siwezi kumwambia mama yake na simu. Nitaanza aje?" Na Watiri akaona kwamba habari ile haina mwingine wa kuibeba. Serikali haikujua hata kama Gacheri yuko mji ule. Wakala hakupokea simu. Yeye ndiye aliyeisikia sauti ya mwisho ya yule mtoto, na ndiye aliyedanganya kuhusu mtandao.

Alikwenda na Phyllis. Walipita Karatina na Sagana, wakazunguka mlima kwa upande wa Embu, na kila mji walioupita Watiri alitamani gari liharibike. Kutoka Chogoria mjini walipanda kilima kwa miguu katikati ya mashamba ya chai. Alikuwa amejifunza maneno ya kusema. Alipouona ua wa kina Gacheri, maneno yote yalikuwa yamemtoka.

Nkatha alikuwa mwanamke mfupi mwenye uso wa duara. Watiri aliutambua: ndio ule uliokuwa ukimcheka kutoka roshani ya chini. Alipotambua wageni ni nani na wametoka wapi, Nkatha hakuuliza kilichowaleta. Alianza kuongea. Aliongea kuhusu ndovu waliotoka msituni wakavunja ua na kukanyaga migomba. Aliongea kuhusu ndama aliyekataa kunyonya. Aliwapakulia ndizi za kuchemsha, akawamiminia chai, akaongea kuhusu majani ya chai yaliyoungua kwa baridi. Kila Watiri alipofungua mdomo, Nkatha alikuwa na jambo lingine. Watiri alielewa. Mwanamke huyu alikuwa amesimama mlangoni mwa maisha yake akiuzuia mlango kwa bega.

Mumewe, Mzee Njoka, aliingia na kikapu cha chai mgongoni. Alikitua, akawasalimu mmoja mmoja, akaketi.

"Mama Wachuka," alisema, "mtu hatoki Nyeri asubuhi na mapema kuja kuuliza habari ya ndovu."

Nkatha akanyamaza.

Watiri aliweka kikombe chini. "Baba Gacheri, nyumba yenye watoto wetu walikuwa ilipigwa na ndege. Wangu alikuwa ametoka. Mtoto wenu ndiye alimvunjia mlango akamtoa. Halafu yeye akarudi kwa ule mzee alikuwa anachunga."

Nkatha alisema, polepole, "Chai yenu inapoa."

"Kuna mtu alimwona?" Njoka aliuliza.

"Hapana."

"Alitolewa hapo chini?"

"Bado. Hata hawajachimba. Ndege bado zinakuja."

"Basi sijaambiwa kitu." Hakupaza sauti, lakini mikono yake ilikuwa imeshika magoti kama anayezuia kitu kisiinuke. "Hapa kwetu mtu mwenye hajaonekana hasemwi amekufa. Ukimsema unamwitia kifo."

Phyllis aliomba ruhusa ya kusali. "Ombea safari yenu," Njoka alimjibu.

Walirudi Kiganjo na woga mpya. Zamani Watiri aliogopa mabomu; sasa aliogopa kinywa chake. Je, kama msichana alikuwa hai chini ya saruji, akipumua, na yeye Watiri amekwenda kumsema marehemu nyumbani kwao, mbele ya mama yake? Alipokanda unga alijikuta akimwomba Mungu amfanye mwongo. Aliomba Gacheri apige simu aulize chapati ni ngapi, na watu wa Chogoria waje wamtukane mpaka wachoke. Njoka naye alianza safari za Nairobi, ofisi hii mpaka ile, na kila mahali aliambiwa jina hilo halipo, asubiri.

Wachuka alirudi mwishoni mwa Novemba kwa ndege iliyobeba wanawake wengi, hana begi, amevaa jaketi la mtu mwingine. Alilala, akala, akajibu alipoulizwa. Watiri alifikiri pengine mabaya yamepita. Asubuhi ya pili walikuwa kibandani pamoja, wateja wameketi, Wachuka akipanga vikombe, uwanja wa shabaha ukaanza.

Wachuka hakupiga kelele. Hakukimbia. Alimvuta mama yake kwa shingo ya sweta, akamwangusha kwenye sakafu ya udongo, akamlalia juu, akamfunika kichwa kwa mikono miwili. Watiri aliusikia moyo wa binti yake ukimgonga mgongoni. Alitaka kumwambia ni makuruti. Akakumbuka neno hilo lilivyokuwa halina maana siku ile kwenye benchi. Akatulia chini, shavu kwenye udongo, akaacha mwanawe amfunike. Mteja mmoja alikuwa mwalimu wa makuruti, mtu mzima mwenye sare. Alichuchumaa mbali kidogo, asiwakaribie.

"Pole, dada," alisema. "Ni sisi tu. Nitapiga simu wasimame kidogo."

Haikujulikana kama alipiga. Lakini milio ilikoma, na baada ya muda mikono ya Wachuka ikalegea.

Watiri alimpeleka Skuta kwa dadake, Beth, mbali na chuo. Kule nako woga ulikuwa na njia zake. Pikipiki ikikohoa, Wachuka alikuwa ukutani. Hakuweza kukaa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Aliketi kizingitini mchana kutwa, akiwasuka wasichana wa jirani hapohapo, nusu ndani nusu nje. Beth hakumsumbua. Alijifunza kukohoa kabla ya kuingia, na kutua sufuria polepole.

Mwezi wa Machi mtoto wa yule mzee aliyepooza alimtafuta Wachuka kwa simu. Alikuwa amerudi mjini vita vilipotulia, akaleta watu wa kuchimba. Mzee na Gacheri walikutwa chumba kimoja, msichana upande wa kitanda ulio karibu na dirisha. Aliwazika wote wawili kijijini kwao, kaburi kando ya kaburi. Alituma picha: udongo mwekundu, jiwe, jina kwa maandishi ya Kiarabu. Aliandika kwamba Gacheri alikuwa binti wa nyumba yao.

Picha ilifika Chogoria. Njoka aliitazama, akaenda kukaa peke yake katikati ya chai yake mpaka wakamfuata. Nkatha ndiye aliyempigia Watiri.

"Walimwacha akiwa hai," alisema. "Amekufa ndio wamemchukua wakamwita wao."

Kisha akaendelea.

"Mama Wachuka, nataka kumwona binti yako."

Kusikia hivyo Wachuka aliingiwa na hofu ambayo hata ndege hazikuwa zimemtia. Safari hiyo ilingoja mpaka Julai. Siku ya mgeni aliviosha vyombo vilivyokuwa safi, akavipangusa, akaviosha tena. Watiri naye, aliyekuwa ametoka Kiganjo mapema, alijua swali linalokuja, maana yeye mwenyewe angeliuliza: kwa nini wewe na si wangu? Alikuwa amejiandaa kusimama katikati.

Nkatha alifika Skuta mchana, amejifunga leso mbili kwa baridi. Alimshika Wachuka uso kwa viganja, akamtazama. Kisha akaketi.

"Nakuuliza kitu moja tu, na usinidanganye. Aliogopa?"

"Gacheri alikuwa jasiri sana," Watiri aliharakisha kusema. Nkatha aliinua mkono kumnyamazisha, bila kumtazama.

"Aliogopa, mama," Wachuka alisema. "Aliogopa sana. Alikuwa analia akigonga. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka chuma inamwanguka. Mlango ikifunguka aliniambia miguu yake inakataa. Tukashuka tumeshikana mpaka kwa mlango ya mzee. Halafu akaniachilia mkono, akaingia."

Nkatha alivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi.

"Huyo ndiye wangu," alisema. "Watu wanakuja kwangu kila siku kuniambia alikuwa simba. Padre, chifu, wote. Mimi sikuzaa simba. Nilizaa mtoto mwenye radi ikipiga anaingia kwa kitanda yangu, hata akiwa msichana mkubwa. Nikisikia alikuwa simba naona wananizikia mtoto wa mtu mwingine."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yao, na Wachuka akalia naye, na Watiri akatoka nje akasimama na Beth kando ya kamba ya nguo, kwa kuwa kilio kile hakikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Mzee Njoka bado anaudai mwili wa mtoto wake. Kila mara huambiwa kuna barua moja imebaki, muhuri mmoja. Wachuka bado anasuka Skuta. Siku hizi huingia mpaka katikati ya chumba. Jumapili baada ya ibada, Nkatha hupiga simu Kiganjo. Huongea kuhusu mvua, ndama, ndovu. Namba yake ikitokea kwenye kioo cha simu, Watiri huogopa, kila mara, ingawa lile baya lote alilokuwa akiliogopa lilishasemwa. Hupangusa unga kwenye aproni, akangoja kidogo, akaipokea.